Asiyekuwa na Bwana

Mama yangu alikuwa na neno moja kwa kila mwanamume aliyevaa kofia ya viua: mungwana. Kinywani mwake halikuwa tusi, wala sifa. Lilikaa kama jina la kazi ya mtu. "Peleka hii kitambaa kwa ule mungwana," angesema, nami nikajua naenda kwa fundi wa nguo, nyumba tatu chini ya yetu, huko Kadutu ambako mlima umejengwa hadi paa la mmoja liko usawa wa kizingiti cha mwenzake, na mvua ikinyesha maji ya watu wa juu hupita uani kwa watu wa chini.

Fundi yule alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema. Alifika kijana, mji wetu wa Bukavu ungali ukiitwa Costermansville, jina ambalo Wabelgiji waliupa mwaka 1927 kumkumbuka ofisa wao Paul Costermans, naye akazeekea nyuma ya mashini yake ya miguu, ambayo gurudumu lake alilipaka mafuta kila asubuhi kwa unyoya wa kuku. Vipimo vya wateja aliviandika katika daftari refu lenye jalada jeusi. Kalamu yake ilianza kulia ikielekea kushoto. Maneno yalikuwa Kiswahili, kifua, kiuno, mkono, lakini herufi zilikuwa za Kiarabu, nami niliyekuwa nikijifunza kusoma kwa masista nilisimama mbele ya daftari lile kama mtu aliyefungiwa mlango.

Nilipokaribia kumaliza shule ya msingi nilijipa moyo nikamwuliza.

"Muzee, mungwana njo mutu ya dini yenu?"

Alikata uzi kwa meno kwanza. "Hapana, mutoto. Dini ni kitu ingine. Mungwana njo mutu mwenye hana bwana."

Jibu hilo sikulielewa. Bukavu bwana ni mume wa mtu, na kanisani Bwana ni mmoja tu. Maana ya tatu, ya bwana anayemiliki mtu kama anavyomiliki mbuzi, haikukaa nyumbani mwetu. Nililiweka jibu lile kando, kama unavyoweka kifungo kilichodondoka ukijua ipo siku utaliona shati lake.

Shati nililiona Kigoma, nikiwa mtu mzima. Nilikuwa ndani ya daladala iliyojaa, inayotoka Mwanga kwenda Ujiji, na mama mmoja mwenye kapu la dagaa alitaka kushuka. "Samahani muungwana, nipishe." Niligeuka kumtafuta aliyeambiwa. Nilikuwa natafuta kofia. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, palikuwa na dirisha. Aliyeambiwa nilikuwa mimi, Mushi, mmoja wa Bashi wa upande wa Bukavu, Mkatoliki, mtoto wa mama aliyeniambia maisha yangu yote kwamba bangwana ni wale. Nikampisha. Kapu lilipita likaniachia magamba mawili ya dagaa kwenye mkono wa shati, na mpaka leo nikisikia neno muungwana naikumbuka harufu ile.

Kwa Mtanzania hapakuwa na ajabu. Muungwana kwake ni mtu mwenye adabu, na waungwana ni namna ya kuuita mkutano usikilize. Ni neno lilelile la mama yangu. Limezaliwa mahali pamoja, likaachana njiani, kila moja likaolewa kwake.

Mahali lilipozaliwa si pazuri kama sauti yake. Katika miji ya pwani, Lamu, Pate, Mombasa na mingineyo, mwungwana alikuwa mtu huru wa mji, anayeweza kuhesabu mababu zake hapo, mwenye nyumba ya mawe au angalau haki ya kukaribishwa baraza ya nyumba ya mawe, anayejua kusali, anayejua kusema. Uungwana ukawa jina la maisha yote hayo mema kwa pamoja. Lakini sifa hii haikusimama kwa miguu yake. Ilisimama juu ya mgongo wa mtumwa, na ikajizungushia ua kwa neno la tatu, mshenzi, yaani mtu wa bara asiye na mji. Ondoa mtumwa, uungwana unakosa pa kuegemea. Wasomi wengi wanaousifu utamaduni ule hupita hapa mbio mbio. Mimi siwezi kupita mbio. Walioitwa washenzi ni watu wa upande wetu.

Tazama methali. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Tunawafundisha watoto methali hii kama somo la kukubali kosa na kutunza haya, na ni somo zuri. Ila isikilize tena ukijua kwamba nguo, kule ilikotungwa, ndiyo iliyogawa watu. Mtumwa hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waliojiita mabwana zake, na mwanamke mtumwa hakutakiwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Ndiyo maana Unguja, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia maduka ya kanga na baadaye buibui kwa hamu ambayo wageni waliiona kuwa ni upenzi wa mapambo. Walikuwa wanaandika hati zao za uhuru, kila mtu mwilini mwake. Methali ya pili, muungwana ni kitendo, ni ya mtu mwingine kabisa. Naisikia kama sauti ya aliyekuwa nje ya ua, anayesema: msinihesabie mababu, nitazameni ninachofanya.

Sauti hiyo ya pili ndiyo iliyofunga safari ya bara.

Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo na Unguja na mamia ya wapagazi, askari na viongozi wa njia. Wengi walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru, au watoto wao. Mjini kwao hakuna ambaye angewaita waungwana. Lakini ukishavuka nyika ya Ugogo, nani anajua babu yako alinunuliwa kwa vitambaa vingapi? Una kanzu, una bunduki, unajua Kiswahili, umeona bahari. Ulipoulizwa wewe ni nani, ulijibu: mwungwana. Vitabu vya Henry Morton Stanley vimejaa Wangwana, na msomaji wa Ulaya alidhani ni kabila. Mmoja aliyewaongoza watu hao ni Sidi Mubarak Bombay, aliyetekwa mtoto katika nchi ya Wayao, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Unguja akiwa huru baada ya kifo cha bwana wake. Mwaka 1857 aliondoka na Burton na Speke, mwaka 1871 na Stanley kumtafuta Livingstone, na mwaka 1873 na Cameron katika safari iliyokata bara zima kutoka bahari hii hadi ile. Mtu aliyepewa bei alipokuwa mtoto akawa mkuu wa waungwana. Mimi naliona hilo kuwa tukio kubwa kuliko kuonekana kwa chemchemi yoyote ya mto.

Wakati huohuo wakubwa wa pwani walikuwa wanalihama neno. Utawala wa Waomani ulipokomaa Unguja, heshima ilipata kipimo kipya, ustaarabu, kufanana na Mwarabu. Uungwana wa zamani ukabaki kama koti lililoachwa msumarini, na waliokuwa wakitembea ndio waliolichukua. Wakaja nalo kwetu.

Hapa ningependa kusimulia hadithi njema, ya neno lililotoroka na kuwa la wanyonge. Maniema hainiruhusu.

Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, ilikuwa soko kabla ya kuwa kituo cha misafara. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara waliwamiminia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, kwa risasi au katika maji walimojitupa. David Livingstone alikuwapo, akaona, na hakuweza kukaa tena. Mwaka huohuo alirudi Ujiji. Walioshika bunduki katika misafara ya nchi ile hawakuwa Waarabu wengi kiasi hicho. Walikuwa waungwana, na miaka iliyofuata walikuwa zaidi na zaidi vijana wa nchi ileile, waliotekwa wadogo, wakatahiriwa, wakapewa jina jipya, kanzu na bunduki. Chini ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip, Kasongo ulikuwa mji wa mashamba ya mpunga na nyumba kubwa, na mtoto wa Kikusu aliyefika pale na kamba shingoni angeweza, baada ya miaka kumi, kutoka kwenda kufunga wengine kamba. Ndivyo mtu alivyoacha kuwa na bwana. Alikuwa bwana wa mwingine.

Nilimwuliza fundi juu ya jambo hili nikiwa mwanafunzi wa chuo, likizo moja ya Krismasi. Alikuwa ameshaniambia kwamba babu yake alichukuliwa mtoto, na kwamba baadaye alikuwa mtu wa bunduki. Nikamwuliza kama babu naye alichukua watoto wa watu. Hakukasirika. Aliingiza kitambaa chini ya sindano, akanyoosha upindo kwa kidole gumba, akakanyaga mashini mpaka mwisho wa mshono, kisha akaugeuza akaanza upande wa pili. Nilikaa mpaka alipomaliza suruali ile yote. Jibu lake lilikuwa hilo, na nimeliheshimu.

Kisha ikaja vita ya 1892 hadi 1894. Askari wa Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, wakisaidiwa na wapiganaji waliokuwa jana upande wa Tippu Tip, waliziteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Ubelgiji iliwafundisha watoto wake kwamba ile ilikuwa vita ya kukomesha utumwa. Dola iliyokomesha utumwa huo iliendelea kukusanya mpira wa msituni kwa viboko na mateka, na hilo nalo sasa linajulikana. Waungwana waliobaki walipewa jina jipya la kiofisi, *arabisés*, watu waliofanywa Waarabu, kana kwamba wenyewe hawakufanya lolote. Watu wa lugha na mila za karibu kabisa waligawanywa: waliokuwa karibu na Kasongo na mambo yake wakaandikwa Bakusu, wengine Batetela. Uislamu ukatiliwa shaka. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mzazi Mwislamu alichagua kati ya kumpeleka mtoto huko au kumweka nyumbani. Ndiyo maana mungwana wa utoto wangu alikuwa fundi wa nguo, mchinjaji, mchuuzi wa vitambaa au dereva. Karani hakuwa. Neno lililowahi kumaanisha anayeagiza sasa lilimaanisha anayengoja nje ya ofisi.

Ila kiti chake hakikubaki tupu. Alikikalia *évolué*, Mwafrika aliyehesabiwa kuwa "ameendelea". Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 cheti cha juu zaidi kilichompa Mwafrika haki kadhaa za Mzungu, na kabla ya kukipata ilibidi nyumba yake ikaguliwe: mtu anakula vipi, analala vipi, anaishi vipi na mkewe. Ni uungwana uleule, baraza ileile ya mawe, mwenye nyumba tu amebadilika. Na ua wake ulikuwa uleule pia, kwa maana washenzi wa pwani walikuwa wamesafiri na msafara, wakafika Kongo wakiwa *basenji*. Neno hilo liliingia Kilingala, likaingia Kifaransa cha watawala, likawa la kila mtu wa mji dhidi ya kila mtu wa kijiji. Hata yule mbwa mdogo wa misitu ya Kongo asiyebweka, Waingereza walipomchukua na kumtangaza katika maonyesho yao ya mbwa miaka ya 1930, alipewa jina hilo, basenji, na analo mpaka leo kwenye vitabu vya mbwa vya dunia nzima. Watu wanaofuga mnyama huyo London hawajui kwamba kila wamwitapo wanatukana wanakijiji wa karne iliyopita. Sisi tunajua, na inafaa tuseme.

Nimebakiza lugha, na hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Kiswahili kilichokuja na misafara kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Wamisionari na watawala waliliandika jina hilo vitabuni. Mwaka 1928 John Whitehead na L. F. Whitehead walitoa kitabu chao cha kufundishia Kingwana kutoka misheni ya Wayika. Kadiri miaka ilivyopita, jina lilishuka pamoja na wenyewe. Kulikuwa na Kiswahili bora, cha vitabu, cha pwani, na kulikuwa na Kingwana, kilichoonekana kama Kiswahili kilichovunjika njiani. Katika shule moja niliyosoma, mwalimu alikuwa na desturi ya kumsimamisha mtoto aliyesema "batu mingi" na kumrudisha na "watu wengi" mara kumi, darasa zima likisikiliza. "Hiyo ni ya bangwana," alisema. Alikuwa anatufundisha kuona haya kwa jina linalomaanisha watu huru.

Sasa niseme kwa nini Kiswahili chetu kiko vile kilivyo, kwani hakuna kilichovunjika. Kililelewa na watu waliokiokota wakiwa wakubwa, kwenye kambi, sokoni, katika jeshi na migodi, wakitoka lugha za Kibantu ambazo zina *ba-* pale pwani wanaposema *wa-*. Mushi akisema "batu" anasema kama bibi yake alivyosema *abantu*. Tunapunguza ngeli na kusema "nyumba ya muzuri", "kitabu ya mwalimu", kwa sababu *ya* moja inayobeba mizigo yote inatosha pale ambapo kila mtu ana lugha nyingine nyumbani. Tuna "mwenye" ya kuunganisha, kama fundi alivyosema, mutu mwenye hana bwana, na sioni pungufu lolote katika sentensi ile. Vijana wa Bukavu wameongeza juu yake Kifaransa, Kilingala na Indubil, lugha ya mitaani ambayo mtaalamu wa lugha Didier Goyvaerts aliichunguza hapahapa mjini miaka ya 1980. Sasa Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya Kongo, na tangu nchi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 wanatuambia ni lugha ya biashara yetu na majirani. Vizuri. Lakini kwenye mkutano wowote wa majirani hao mtu wa Bukavu huanza kwa kuomba radhi kwa Kiswahili chake. Nimemsikia profesa akiomba radhi hiyo. Nimejisikia mwenyewe.

Jina Kingwana limekufa mitaani kwetu. Tunasema Swahili. Limebaki vitabuni kama lebo kwenye chupa ambayo dawa yake ilikwisha.

Huenda msomaji anauliza Mushi anatafuta nini katika neno la Wakasongo. Natafuta kwa sababu neno langu mwenyewe lilipita njia ileile. Waliochunguza historia ya Bushi wameandika kwamba *bashi*, zamani, halikuwa jina la taifa zima kama tunavyolitumia leo. Lilikuwa la watu wa kawaida, walimaji, wasio wa ukoo wa mwami, yaani mfalme. Wa ukoo wa mwami walikuwa *baluzi*. Mtu wa Kabare na mtu wa Ngweshe walikuwa na bami wao na koo zao, na ng'ambo ya Ruzizi Wanyarwanda walituita Banyabungo, mara nyingi si kwa heshima. Utawala wa Kibelgiji ulitaka ramani yenye kabila moja kila kisanduku, wamisionari walitaka lugha moja ya kutafsiria, nasi tulipoingia mjini tukahitaji jina la kusimama nalo mbele ya Barega, Bahavu, Bafuliiru na Bangwana. Neno la mlimaji likachukuliwa likawa la wote, mluzi akiwemo. Nilimweleza mama hayo. Alikuwa anachambua maharagi kwenye lungo. "Najua," akasema bila kuinua kichwa. "Mushi njo mulimaji. Muluzi njo mutu ya kwa mwami. Ni wewe ulikuwa hujuwe."

Basi nyumba tatu kutoka juu hadi chini, mlima uleule, walikaa watu wawili ambao majina yao ya kabila hayakuanza kuwa ya kabila. La mmoja lilisema: sina bwana. La mwingine lilisema: mimi si wa nyumba ya mfalme. Hakuna aliyejua la mwenzake lilisema nini.

Bukavu si mahali pa kuyachukulia haya kama michezo ya kamusi. Banyamulenge ni jina lililotoka mahali, Mulenge, katika milima ya Uvira, na tangu miaka ya 1970 likaenea kama jina la watu. Kuanzia hapo kila anayelitamka anasikika akisema jambo juu ya uraia, ardhi na vita, atake asitake. Oktoba 1996 mji ulipotekwa, askofu mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, aliuawa Nyawera tarehe 29, na kwenye bariyeri za siku zile, za kabla na za baadaye, wako watu waliopita na wako ambao hawakupita kwa sababu ya jina walilotajiwa na mtu mwingine. Sikutajiwa mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni nyuma ya mtu aliyetajiwa. Tangu hapo nimeshindwa kuamini kwamba jina la watu ni kitu cha kale kilichochimbwa ardhini kama jiwe. Kila jina lina siku lilipobadilishwa matumizi, na lina mtu aliyelibadilisha akiwa na haja yake.

Kule Ujiji, baada ya daladala, nilitembea chini ya miembe mpaka kwa bibi mmoja aliyeuza vitumbua. Aliposikia "aksanti" yangu alijua natokea wapi. "Sisi Wamanyema," akasema, akajigonga kifua kwa mwiko wa mafuta. Ameishi Tanzania maisha yake yote, wazazi wake vilevile. Nilitaka kumwuliza kama anajua kwamba Manyema, karne ya 19, lilikuwa jina la nchi ambako watu walitekwa wakaletwa mpaka kwenye mwalo ule, na kwamba kuitwa Mmanyema hakukuwa jambo la kujigonga nalo kifua. Nikaona macho yake. Alijua vizuri kuliko mimi. Walikuwa wamelipokea jina walilopachikwa wakakaa nalo vizazi vitatu au vinne, wakalisafisha kama anavyosafisha karai lake kila jioni, kwa mchanga na majivu. Nilinunua vitumbua sita, akanipa saba.

Fundi alikufa nikiwa mbali. Niliporudi, binti yake aliniletea daftari jeusi, kwa kuwa alinijua kama mtu wa vitabu na kwao hakuna tena aliyezisoma herufi zile. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi hizohizo, na maandishi yake yalichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 na Heinrich Brode. Ya fundi wa Kadutu hayatachapishwa. Nilijifunza alfabeti hiyo polepole, majira mawili ya mvua, kwa msaada wa mwalimu wa madrasa aliyekuwa na subira. Nilitaka kujua jambo moja tu: mama aliitwaje mle ndani.

Jina lake halimo. Nililitafuta kurasa zote. Wateja wengi hawana majina. Wana makabila na mahali: Murega wa mchanga, Muhavu wa mtumbwi, Mufuliiru mrefu, mwalimu wa juu, mungwana wa Kindu, maana hata yeye aliwaita wengine hivyo. Na katika ukurasa uliochakaa pembeni, vipimo vya mwanamke, kifua, kiuno, urefu, kisha mita tatu za kitenge, kisha maneno mawili ambayo nilirudia kuyasoma kwa kidole mpaka nikawa na hakika nayo: Mushi jirani.

Nilimsomea mama. Alichukua daftari akaligeuza huku na huku, akaangalia mistari ile kwa muda, yeye ambaye hakuwahi kusoma mistari ya upande wowote.

"Mita tatu?"

"Mita tatu."

"Ile ya rangi ya majani," akasema. "Njo ile nilivaa siku ya batizo yako."